Mtoto Aulizwe Kabla ya Desemba

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mwezi wa Desemba haufanani na miezi mingine. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2018, 2020, 2022 na 2024, wazee wa mila wa koo za Wakurya hutangaza msimu. Ndipo ngoma hulia njiani, vijana wa kiume hupelekwa kutahiriwa, na wasichana hupelekwa kwa ngariba kukeketwa. Msomaji wetu wa huko ayajua haya kuliko sisi, wala hatumwandikii ili kumfundisha aliyoyaona kwa macho yake. Twaandika kwa ajili ya jambo lisilosemwa sana, nalo ni hili: mtoto huanza kuumia kabla ya wembe kutolewa. Huanza mwezi wa Agosti au Septemba, darasani na jikoni, bila kelele, na mtu wa kwanza awezaye kuliona ni mzazi wake au mwalimu wake.

Tuanze na mambo ya kinga kwa jumla, maana haya mawili yaenda pamoja.

Nyumba nyingi za Kikristo zimejifunza vema kumkinga mtoto mchanga. Mama humpeleka kliniki, mtoto hupimwa uzito, hupewa chanjo, na kadi yake hujazwa. Lakini akiisha kutimiza miaka 5, kadi ile hufungwa katika kitambaa na kuwekwa sandukuni, na tangu siku hiyo mtoto hatazamwi tena na mganga yeyote mpaka augue. Msichana pengine hatarudi kliniki mpaka awe na mimba yake mwenyewe. Mvulana pengine hatarudi kabisa. Hivyo miaka 10 hata 19, ambayo mwili hubadilika upesi na moyo hutikisika sana, ndiyo miaka ambayo hatuna kadi, hatuna mizani, wala hatuna siku ya kliniki. Nalo Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa katika kila vijana 7 wa umri huo mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, na ya kuwa nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huwa yamekwisha kuanza kabla mtu hajatimiza miaka 18. Asidhani mtu kwamba twasema habari za mwenda wazimu anayevua nguo barabarani. Twasema huzuni isiyoondoka, ambayo siku hizi huitwa sonona. Twasema hofu isiyomwacha mtu kulala. Twasema kiwewe kinachobaki baada ya jambo baya.

Jambo moja la umri huo limeanza kutendeka vizuri, nalo latuonyesha njia. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, na karibu yote huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Mwezi wa Aprili 2018 Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima, kila mmoja sindano mbili. Mwaka 2024 mpango ukapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hata 14, na sindano moja ikatosha. Hailipiwi fedha. Mzazi ambaye hata leo asikiliza uvumi, ati chanjo hiyo yafunga kizazi, amwulize mganga wa zahanati yake, kisha ampeleke binti. Ila kwa habari yetu ya leo chanjo hiyo ina faida ya pili ambayo wachache wameifikiri. Humleta mhudumu wa afya mpaka shuleni, akaonana uso kwa uso na wasichana ambao umri wao ni karibu sawa na wale wanaotafutwa katika msimu. Amefunga safari, amefika, amewapanga mstari, amewachoma sindano. Je, hawezi kuuliza neno moja zaidi?

Asiyekaa Tarime hudhani ya kuwa wazazi wanaokeketa ni watu wakatili wasiowapenda watoto wao. Haiko hivyo, na mtu akianza na wazo hilo hatamsaidia mtu. Baba ampenda binti yake na amtakia ndoa yenye heshima. Mama amwogopea asije akadharauliwa ukweni. Msichana asiyekeketwa huitwa omosagane, na jina hilo humfuata kisimani, sokoni, na hata nyumbani kwa mumewe, ambako mawifi humkumbusha. Bibi yake, ambaye pengine ndiye ampendaye kuliko wote, ndiye anayemsihi zaidi. Ndiyo sababu wako wasichana waombao wenyewe kukeketwa, wakatoka katika nyumba za wazazi Wakristo na kwenda kwa shangazi ili wapate kufanana na wenzao. Mzazi asemaye, "Kwangu mila hiyo haimo," amesema vema. Lakini hajamaliza kazi yake kama hajamwuliza mtoto anaambiwa nini na wenzake njiani.

Hesabu za Serikali zaonyesha kwamba jambo hili lapungua, ila polepole. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa wa Mara, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wamekeketwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 28. Kwa Tanzania nzima walikuwa 10, kisha 8. Tena hesabu ya Mara imewachanganya Wajita, Wajaluo na wengine ambao hawana mila hiyo kabisa, basi mwalimu wa kijiji cha Wakurya asishangae akiona darasani mwake mambo makubwa kuliko hesabu hiyo.

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka 1998 anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, hali yuko katika ulinzi wake, aweza kufungwa miaka 5 hata 15. Ni sheria njema, na wako waliofungwa kwa hiyo. Lakini imewafundisha wengine kujificha: hukeketa usiku bila ngoma, au huwachukua watoto wakiwa wadogo zaidi, au huvuka mpaka wa Sirari kwenda upande wa Kenya, ambako nako tangu mwaka 2011 kuna sheria kali. Wazazi wa Kenya nao huvuka kuja huku. Kwa hiyo mwaka usio wa msimu usimfanye mtu alale usingizi.

Madhara ya mwili yamehubiriwa mara nyingi mikutanoni, nasi twayataja upesi: kutokwa damu nyingi, vidonda kuoza, pepopunda, tabu ya mkojo, na tabu wakati wa kuzaa, maana kovu halinyumbuki kama nyama nzima. Madhara ya moyo husemwa mara chache, nayo ndiyo yaliyotutia kuandika. Fikiri, msomaji, ni nani waliomshika msichana yule mikono na miguu. Walikuwa mama yake mdogo, shangazi yake, na jirani aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga. Angalikamatwa na mwizi porini angalikimbilia kwao. Sasa akimbilie kwa nani? Kidonda hupona katika majuma machache, huchezewa ngoma na kupewa zawadi, na watu husema yamekwisha. Yeye huamka usiku akilia. Hushtuka akiguswa bega. Hukaa darasani akitazama ubaoni bila kuona kilichoandikwa, na mwalimu humwandika mvivu. Si wote huwa hivi. Wengine huwa na nguvu za ajabu, na huzuni yao hupungua kadiri siku zinavyopita. Lakini wengine haipungui, na hakuna aliyewauliza.

Rhobi Samwelly, ambaye wengi wa Mara wamjua kwa kazi yake ya kuwaokoa wasichana, amesimulia hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa binti mdogo, akatokwa damu hata kuwa karibu na kufa. Twalitaja jambo hilo kwa sababu moja: mtu aliyepita katika mateso hayo aliweza baadaye kuyasema mbele ya watu, na katika kuyasema akawafungulia wengine mlango. Wengi hawajapata mtu wa kumwambia hata mara moja.

Sasa turudi kwa yule ambaye bado hajakeketwa. Katika mwaka wa msimu, tangu mwezi wa Agosti, yatazameni mambo haya. Msichana aliyekuwa wa kwanza darasani ashuka ghafula. Aliyekuwa mcheshi anyamaza. Alalamika tumbo au kichwa kila juma, na zahanati haioni ugonjwa. Hataki shule ifungwe. Wenzake washangilia likizo, yeye akaa nyuma akifagia darasa lililokwisha kufagiwa. Auliza maswali ya ajabu, kama nauli ya kwenda Mugumu ni kiasi gani, au kama masista huwapokea watu usiku. Auza kitu chake. Kila moja la mambo haya laweza kuwa na sababu nyingine. Yakikutana matatu kwa mtoto mmoja, yafaa mtu amwite kando na kumwuliza.

Kuuliza kuna utaratibu wake, wala si lazima mwalimu aubuni mwenyewe. Mwaka 2001 wataalamu watatu wa Marekani, Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, walitangaza karatasi ya maswali 9 ya kupimia huzuni, nayo imetafsiriwa na kutumiwa kwa Kiswahili hapa Tanzania na Kenya. Maswali yenyewe ni mepesi. Humwuliza mtu habari za majuma mawili yaliyopita: kama bado afurahia mambo, kama ana huzuni, usingizi wake, nguvu zake, kula kwake, kama ajiona hafai, kama aweza kutuliza mawazo, kama mwili umekuwa mzito au hautulii, na mwisho kama amewaza kwamba ni heri afe. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hata 3, na jumla huenda mpaka 27. Anayefika 10 au zaidi hutazamwa kwa karibu na mtu aliyefundishwa. Iko na namna yake iliyotengenezwa kwa vijana. Huko Marekani jopo la waganga lashauri kwamba vijana wote wa miaka 12 hata 18 waulizwe hivi, hata wasioonekana kuwa na shida, kama vile sisi tunavyompima uzito mtoto mnene sawasawa na mwembamba.

Swali la mwisho huwatia watu hofu. Husema, "Nikimwuliza mtoto habari za kujiua, si nitakuwa nimemfundisha?" Shirika la Afya Duniani limejibu ya kuwa la, kuuliza kwa upole hakumpandi mtu wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Akijibu kwamba ndiyo, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Hata hivyo karatasi ina mipaka yake, na mwalimu asiyeijua mipaka hiyo aweza kudhuru. Alama kubwa si jina la ugonjwa. Msichana ambaye amesikia babu na baba wakipanga siku yake, asipolala usiku, hana ugonjwa wa akili. Ana akili timamu, naye aogopa jambo la kuogopwa. Akipelekwa hospitali akapewa vidonge, kisha akarudishwa nyumbani siku ya pili ya Desemba, tutakuwa tumemtibu nini? Huyo ahitaji mahali pa kukaa. Mwingine hana hatari yoyote mwaka huu, alikeketwa miaka miwili iliyopita, na alama zake ni zile zile. Huyo ahitaji mshauri, na pengine daktari. Maswali hutuonyesha ni nani wa kuketi naye. Kuketi naye ni kazi nyingine.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mahali pengi kanuni ni rahisi: mtoto hupimwa kwa ruhusa ya mzazi, na mzazi huambiwa majibu. Kanuni hiyo yafaa, maana mtoto ni wa wazazi wake, wala shule haikumzaa. Lakini itakuwaje ikiwa hofu ya mtoto ni baba yake mwenyewe? Mwalimu amwuliza binti. Binti ajibu kwamba shangazi amekwisha kuja na siku imepangwa. Mwalimu, kwa nia njema, amwita baba na kumweleza aliyoyasikia. Jioni ile binti apigwa, na siku yake yasogezwa mbele. Mwalimu amefuata kanuni, na mtoto ameangamia.

Twaona ya kuwa yafaa kuyatenga mambo mawili. Ruhusa ya wazazi kwa ajili ya chanjo, kupimwa macho na uzito, na kuulizwa maswali, iombwe katika mkutano wa wazazi mwanzoni mwa mwaka, mwezi wa Februari au Machi, wakati hakuna ngoma wala mabishano, na wazazi waelezwe wazi kwamba watoto wataulizwa habari za moyo pia. Wengi watakubali. Lakini habari ya hatari haimrudii anayeileta hatari. Hiyo huenda kwa ofisa ustawi wa jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Wala mwalimu asidhani kwamba awasaliti wazazi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu katika jamii, mwenye habari kwamba haki za mtoto zavunjwa, aipeleke kwa serikali ya mahali pale.

Mtoto naye aambiwe kweli kabla hajafungua kinywa. Mwalimu amwambie, "Mambo mengi utakayoniambia yatabaki kati yetu. Lakini ukiniambia kwamba uko hatarini, sitakaa nalo peke yangu. Nitamwambia mtu wa kukusaidia, nami nitakutajia kwanza ni nani." Pengine mtoto atanyamaza baada ya maneno hayo. Basi anyamaze, atarudi siku nyingine. Mwalimu aliyeahidi siri kisha akaivunja hatarudiwa na yeyote, maana habari hiyo itafika darasa zima kabla ya kengele ya mchana.

Twajua pia kwamba mwalimu mwenyewe ni mtu wa kijiji. Anunua maziwa kwa baba yule yule, na pengine ni mkwe wake. Wako waliotishwa na waliosusiwa. Kwa hiyo kazi hii asipewe mwalimu mmoja; wawe wawili, mume na mke, na mwalimu mkuu ajue. Barua itokayo shuleni haina jina la mtu wa kulaumiwa.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwakagua wasichana wote miili yao shule zifungukapo, ili waliokeketwa wajulikane na wazazi wao wafungwe. Hatukubaliani nao. Msichana aliyevuliwa nguo kwa nguvu mwezi wa Desemba hasaidiwi kwa kuvuliwa tena mwezi wa Januari, na yule ambaye hakukeketwa hutahayarishwa bure. Tena aliyekeketwa akijua kwamba shule itamkagua, hatarudi shuleni. Daktari na amtazame mtoto aliye na maumivu, kwa ridhaa yake, chumbani mwa hospitali.

Mahali pa kukimbilia pako, ingawa ni pachache. Katika kijiji cha Masanga, wilaya ya Tarime, tangu mwaka 2008 pana kituo kilichoanzishwa chini ya Kanisa Katoliki, ambacho katika msimu hupokea wasichana kwa mamia. Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Na chama cha Hope for Girls and Women, ambacho Rhobi Samwelly ni kiongozi wake, kina nyumba nyingine Kiabakari katika wilaya ya Butiama. Wasichana hulala hapo, hula, na hufundishwa. Masanga huwafanyia mahafali ya kuingia utu uzima bila kukatwa, na wazazi hualikwa. Msimu ukiisha, watumishi wa nyumba hizo pamoja na ustawi wa jamii huwaendea wazazi, husemezana nao, na wazazi hutia sahihi kwamba mtoto hataguswa. Wengi hurudi kwao. Wengine hawawezi kurudi, wakabaki kusoma na kujifunza cherehani.

Tusisahau kwamba msichana aliyeokoka amepoteza kitu pia. Alitoka usiku bila kumwaga mdogo wake. Mama yake hakuja siku ya mahafali. Akirudi nyumbani, akaa meza moja na baba ambaye alimshtaki polisi, na ndugu zake wamwita mvunja nyumba. Watu hupiga makofi kwamba ameokolewa, naye hulia chooni. Huyu naye aulizwe maswali yale 9, kambini mara moja, na nyumbani tena baada ya mwezi.

Ni nani wa kuketi nao hao wote? Madaktari wa akili nchini ni wachache, na hospitali kubwa ya maradhi hayo ni Mirembe, iliyo mbali Dodoma. Lakini jirani zetu wameonyesha kwamba kazi ya kwanza haihitaji daktari. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wazee wa mtaa kuketi juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye huzuni. Hutumia maswali 14 yaliyoandikwa kwa Kishona, ambacho kina neno lake la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya majaribio kwa watu 573: baada ya miezi 6, walioketi na mabibi walikuwa na dalili chache mno kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Huko Nairobi nako shirika la Shamiri huwafundisha vijana waliomaliza shule, wenye miaka 18 hata 22, kisha vijana hao hukutana na wanafunzi wa sekondari mara 4, wakizungumza habari za kushukuru, za kukua, na za mambo wanayoyathamini. Majaribio kwa wanafunzi 413, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa ustadi wa kusoma tu.

Twatamani kuona jambo la namna hiyo Mara, hasa lile la mabibi. Kwa Wakurya bibi ndiye asikilizwaye na mjukuu. Katika umoja wa akina mama wa kila kanisa wamo wazee wenye subira, waliokeketwa wenyewe, waliozika watoto, na wanaojua kunyamaza. Majuma machache ya mafundisho kutoka kwa muuguzi wa Hospitali Teule ya Nyerere, Mugumu, au wa hospitali ya Tarime, yangetosha kuwaanzisha, na mtoto anayeona haya mbele ya mwalimu angekwenda kwa bibi pasipo mtu kuuliza aendako.

Neno fupi kwa ajili ya wavulana. Nao wana hofu yao, ila wamefundishwa kwamba anayetikisa jicho mbele ya wembe ni aibu ya ukoo. Mzazi na ampeleke mwanawe hospitalini, akatahiriwe kwa dawa ya ganzi na chombo safi, wala asiwasikilize wacheka. Kisha naye aulizwe maswali yale yale. Mvulana mwenye huzuni halii. Hupigana, hutoroka shule, au hunywa gongo, na sisi humchapa.

Kwa nyumba zetu, basi. Baba na mama waseme mbele ya watoto wote, na mbele ya shangazi na bibi wakiwapo, ya kuwa katika nyumba hii hakeketwi mtu. Neno lisemwalo chumbani halimlindi mtoto akiwa ugenini. Likizo ya Desemba binti asipelekwe kwa ndugu ambaye hamjui msimamo wake. Kila mtoto ajue kwa moyo namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, ambayo hailipiwi. Na nyumba ya Kikristo iliyo karibu na shule ijiulize kama iko tayari kumlaza mtoto wa jirani usiku mmoja, mpaka ofisa ustawi wa jamii afike asubuhi. Maana kutoka vijiji vya mbali hata Masanga au Mugumu ni mwendo mrefu kwa mtoto wa miaka 12 aendaye kwa miguu gizani.

Shule zikifunguliwa Januari, mwalimu achukue daftari la mahudhurio la mwezi wa Novemba aliweke kando ya jipya, asome majina moja moja. Asiyekuwapo katika juma la kwanza, atafutwe nyumbani kabla juma la pili halijaisha. Aliyerudi akitembea kwa shida, apelekwe hospitali bila kulaumiwa mbele ya wenzake. Na aliyerudi akitembea vizuri, lakini ameketi dawati la nyuma wakati zamani alikaa la mbele, aitwe kando saa ya mapumziko.